Unga Mlangoni Kule Madurai

Nimechoka kuisimulia safari hii vipande vipande. Pale soko la Kibuye, Kisumu, ninapouzia mapazia, nikianza tu kueleza habari za minara ya hekalu, mteja anakuja kuuliza bei ya neti, na nikigeuka nakuta msikilizaji wangu amekwenda kununua vitunguu. Wenzangu wa chama nanyi mmenisumbua kwenye simu mpaka betri inaisha. Basi leo nimekaa hapa nyumbani Migosi, nimezima televisheni, na ninawaandikia wote mara moja. Mambo ya viza na tiketi sitayagusa. Kila mtu anayajua na hayana utamu wowote.

Kwa asiyemfahamu, mama yangu anaishi Pap Onditi, na majirani humwita Nyar Seme kwa sababu alizaliwa Seme. Jicho lake la kushoto lilizimika miaka mingi iliyopita. La kulia nalo likaingia mtoto wa jicho na presha ya macho kwa pamoja, mpaka akawa anaona mwanga na vivuli tu, na watu anawajua kwa sauti. Daktari wetu alisema wazi kwamba jicho la namna hiyo, kwa mtu aliyebakiwa na moja tu, yeye hataki kuligusa. Akatuelekeza Madurai, mji wa mahekalu kusini mwa India, ambako kuna wataalamu waliozoea kazi hiyo. Upasuaji ukienda vibaya, Mama angebaki gizani kabisa. Hofu yetu ilikuwa hiyo, na tuliibeba njia nzima pamoja na masanduku.

Pap Onditi hadi Kisumu

Nilipofika kumchukua, nilikuta jirani yake, Nyar Alego, anamkunjia nguo. Nyar Alego ndiye humtekea Mama maji na kumshika mkono kwenda kanisani, kwa hivyo ana ruhusa ya kuingia hadi chumbani.

"Leso yangu ya maua ya machungwa iko wapi?" Mama aliuliza. Mama huongea Dholuo, lakini hapa nitamwandika kwa Kiswahili ili Mama Njeri muuza nyanya naye aelewe.

"Si nilikwambia, Nyar Seme? Upepo uliichukua kwenye kamba," Nyar Alego akajibu, akiinama zaidi ndani ya sanduku.

"Upepo wa siku hizi unachagua," Mama akasema.

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa juu ya omena, dagaa wa ziwani kwetu. Mama alitaka kubeba mfuko mzima. Nikamwambia ndege si lori la sokoni, omena zikinuka tutashushwa angani. Akakubali kuziacha, lakini akaniwekea sharti: unga wa ugali lazima uende, na sukari nguru ya Muhoroni lazima iende, maana hawezi kupasuliwa na watu asiowajua akiwa amekula vyakula asivyovijua. Nikafunga unga katika mifuko ya nailoni, tukaombewa na kanisa zima, kila mtu kwa zamu yake, na ndege ya Kisumu ikatuacha. Tuliondoka na iliyofuata, Mama akisema maombi hayawezi kuharakishwa.

Angani, na kule Ghuba

Ndegeni Mama alikaa wima tangu Nairobi, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Chakula kilipoletwa alikipapasa, akauliza kwa nini mkate umefunikwa kama mgonjwa, akala wote.

Kwenye uwanja wa kubadilishia ndege huko Ghuba ya Uarabuni, shida ilikuwa ngazi zinazotembea. Mama alisikia mlio, akaona vivuli vya watu vinazama ardhini, akakataa. Tulizunguka tukitafuta lifti mpaka tukajikuta chooni, na hapo dada mmoja wa makamo aliyekuwa akipiga deki akainua kichwa aliposikia Dholuo.

"Yawa! Mnatoka wapi?" akauliza.

"Pap Onditi, Nyakach," Mama akajibu, akigeukia sauti. "Na wewe?"

"Muhoroni, karibu na kiwanda. Sijarudi nyumbani siku nyingi sana, Mama."

Mama akaingiza mkono mkobani, akavunja kipande cha sukari nguru, akakinyoosha hewani mpaka yule dada akakipokea. Alikitia mdomoni, akakaa juu ya ndoo yake iliyofunikwa, akafumba macho. Sikujua niangalie wapi. Baadaye alitupeleka mwenyewe hadi lango letu, kupitia njia za wafanyakazi zisizo na ngazi hata moja, na Mama akamwombea kwa sauti iliyowafanya walinzi wageuke.

Tulipotua Chennai, India, mkaguzi wa mizigo alitoboa mfuko wa unga kwa kidole, akakitazama kidole chake, akanitazama mimi. Akaita mwenzake. Unga mweupe, mifuko minne, wanawake wawili kutoka Afrika.

"Anataka nini?" Mama akauliza.

"Anataka kujua ni unga gani."

"Mwambie alambe."

Sikumwambia. Nilimwonyesha kwa mikono jinsi tunavyosonga ugali, nikapika sufuria nzima ya hewa mbele ya foleni, na mwanamke mmoja mwenye sare akacheka, akafunga sanduku letu. Mama alinung'unika hadi nje kwamba hajawahi kuona watu wazima wanaoogopa unga. Yashikeni maneno hayo.

Chennai hadi Madurai kwa treni

Sasa mnicheke, maana Mama alinicheka wiki nzima. Mnajua nilivyojigamba. Nilifanya kazi miaka mingi katika duka la vitambaa la Mhindi pale Kisumu, na Kigujarati cha dukani ninacho: salamu, hesabu, rangi, na matusi madogo. Niliwaambia hata nyinyi kwamba nikifika India nitakuwa kama nyumbani. Basi treni ilipoondoka, nikamgeukia mzee aliyekaa mbele yetu, mwalimu mstaafu mwenye miwani mizito, nikamshushia salamu yangu yote ya dukani.

Akaniangalia kwa upole. Nikarudia kwa sauti zaidi.

"Dada yangu," akanijibu kwa Kiingereza, "lugha hiyo naisikia kama wewe unavyosikia Kitamil chetu cha huku. Wanaoiongea wako mbali sana, kaskazini. Mimi mwenyewe nikienda huko naongea kwa mikono."

"Amesemaje?" Mama akauliza.

"Amesema karibu."

"Maneno yote hayo, karibu?"

Treni ilisimama katikati ya mashamba ya mpunga na ikasahau kuondoka. Hakuna aliyejua sababu. Watu wakafungua vyakula vyao, na mke wa yule mwalimu akatupa wali uliochanganywa na maziwa lala, baridi, na pilipili ya kachumbari pembeni. Mama alionja, akatafuna taratibu.

"Nani ameharibu wali huu?" akanong'ona.

Lakini joto lilikuwa kali, na wali ule ulipoza tumbo. Treni ilipoondoka alikuwa amemaliza, na alikuwa akinisukuma kwa kiwiko niulize kama umebaki mwingine.

Kwa Selvi

Hospitalini walimpima kila kitu, wakampangia upasuaji. Jioni ya kuamkia siku hiyo tukahamia chumba cha kukodi karibu na hapo, kwa mjane mmoja aitwaye Selvi, fundi wa kushona blauzi. Alimwita Mama "Amma" tangu neno la kwanza, na Mama alipenda kwa kuwa halihitaji mkalimani.

Asubuhi nilimvisha Mama, nikamshika mkono hadi mlangoni. Akasimama ghafla, hasogei.

"Kuna kitu cheupe hapa chini."

Kilikuwepo. Ni michoro ya unga mweupe, mistari inayozunguka vitone na kurudi ilikotoka, mizuri kweli, imejaza kizingiti hadi barabarani. Nilikuwa nimeiona mbele ya nyumba nyingi za mji ule na wala sikujisumbua kuuliza. Lakini Mama hakuona michoro. Aliona weupe uliomwagika tu.

"Ni urembo, Mama. Twende, tutachelewa."

"Unga umemwagwa mlangoni, tukiwa tumelala, siku ninayopasuliwa jicho. Halafu unaniambia urembo?"

Mnajua kwetu. Mtu akiamka akute unga au majivu yamemwagwa mlangoni, havuki. Anaita wazee, anaita watu wa maombi, na anaanza kukumbuka aliyekosana naye. Nikambembeleza. Nikamgombeza. Nikamkumbusha mkaguzi wa Chennai na kidole chake. Akarudi ndani, akakaa kitandani, akashika mkoba wake. "Huyu mama wa nyumba ni jajuok," akasema. Mchawi, yaani. Nami saa inakwenda, na zamu yetu hospitalini inakwenda nayo.

Nikamfuata Selvi uani, nikamweleza kwa aibu kwamba mgeni wake anauogopa mlango. Kiingereza chake na changu vilipishana njiani, akadhani Mama analalamikia uchafu. Uso wake ukaanguka. Akabeba ndoo yake ya asubuhi ili aoshe kizingiti chote, na alipopita mbele ya chumba chetu, Mama akainua pua.

"Subiri. Muulize ameweka nini ndani ya maji hayo."

Selvi alisita kunijibu. Nadhani aliogopa tutaona kinyaa. "Kinyesi cha ng'ombe," akasema. "Tunanyunyiza kwanza, halafu tunachora."

Nilipotafsiri, Mama alisimama.

"Mwambie nami napaka nyumba yangu hicho hicho. Muulize anakipata wapi hapa mjini."

"Jirani ana ng'ombe, nyuma ya duka la vyuma."

"Ana bahati. Na unga?"

"Ni wa mchele. Tunawaachia sisimizi na ndege. Tunasema mtu asianze siku yake kabla hajalisha kiumbe."

Mama akaja mlangoni, akachuchumaa polepole, akagusa unga kwa kidole. Akalamba. Selvi na mimi tukasimama na ndoo yetu tukingoja hukumu.

"Ni mchele," akasema. "Mchawi hawezi kuamka alfajiri apake mlango kinyesi, halafu alishe sisimizi. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Mchawi hana muda huo."

Nikadhani yameisha. Lakini hakuinuka.

"Achieng', hili ndilo la mwisho," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya ugomvi.

"Najua, Mama."

"Likienda hili, sitakuona tena."

Hapo ndipo nilielewa kwamba unga ulikuwa sehemu ndogo tu. Tangu Pap Onditi alikuwa akiogopa, na mimi nilikuwa nikimharakisha. Nilitaka kulia. Badala yake nikasema lililonijia kwanza: "Hata sasa hunioni, Mama. Unaona kivuli kinachokugombeza."

Akacheka. Alicheka mpaka Selvi naye akacheka bila kujua kwa nini, akampa mkono. Mama akauliza kama si vibaya kuikanyaga kazi ya mtu. Selvi akasema imechorwa ikanyagwe. Wakavuka pamoja, mimi nyuma na mkoba.

Zamu yetu ilikuwa imepita. Muuguzi alitazama karatasi zetu, akatutazama, akasema tungoje benchini, akikosekana mtu tutaitwa. Tukangoja siku nzima. Mama alikuwa mtulivu ajabu, ananihadithia kuhusu sisimizi wa nyumbani kwao Seme. Niliyekuwa na hali mbaya ni mimi. Nilikwenda kunywa kahawa ya maziwa, ile wanayoimimina kutoka bilauri hadi bakuli na kurudi mpaka itoe povu, nikaiacha nusu nikidhani tumeitwa. Jua lilipoanza kupoa wakamwita.

Kesho yake walimfungua bandeji. Alipepesa, akapepesa tena, machozi yakimtiririka. Kisha akanitazama, akanigeuza uso kwenye mwanga.

"Wewe ndiye Achieng'?"

"Ndimi, Mama."

"Umezeeka hivi lini?"

Muuguzi alifikiri nalia kwa huzuni, akaniletea kiti.

Hekaluni

Daktari alitaka tubaki siku kadhaa, na alimkataza Mama kuinama. Kila asubuhi alikuwa anaketi kwenye kigoda mlangoni, miwani myeusi usoni, akimtazama Selvi anavyoudondosha unga katikati ya kidole gumba na viwili vinavyofuata. Hakumaliza kushangaa. "Hata mistari haikutani vibaya," alikuwa anasema. Mimi nilimpikia Selvi ugali kwa sambar, ule mchuzi wao wa dengu na mboga. Akaula kwa adabu, akamega tonge dogo, halafu dogo zaidi.

Selvi alipotualika hekaluni nilitegemea Mama akatae. Ni mama wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe na msimamo. Lakini alijibu haraka: "Siendi kuabudu. Naenda kuona. Jicho hili nimelipata juzi, lina haki ya kutembezwa."

Jamani, minara ile. Ni mirefu, imejaa watu wa udongo waliopakwa kila rangi, wamebanana kuanzia chini hadi kileleni: wafalme, wanawake, wanyama, wenye mikono mingi, wenye macho ya kutisha. Tuliacha viatu na simu kwenye vibanda, tukatembea peku juu ya mawe ya moto, watu wanatupita mbio na Mama haongezi mwendo. Alisimama katikati ya njia, kichwa nyuma, mkono mmoja kwenye kitambaa.

"Yule wa juu kabisa, upande wa kulia, ana masharubu," akasema.

Nilitazama. Mimi mwenyewe sikuyaona mpaka nilipokunja uso. Ana masharubu.

Muuza maua alitaka kumbandika Mama mkufu wa asmini kwenye nywele kama wanawake wote wa pale, akamvua kitambaa akakuta nywele fupi kama za askari. Wakacheka wote wawili. Mwishoni aliufunga juu ya kitambaa, na Mama akatembea akinukia kama bibi harusi.

Ndani tulipita kumbi za nguzo za mawe, kila nguzo imechongwa kiumbe chake, na Mama alitaka kuigusa kila moja ili kuthibitisha. Kuna mlango ambao wasio wa dini yao hawapiti, tukaishia hapo. Selvi akatueleza kwamba mungu wa kike wa hekalu lile anasifiwa kwa macho yake mazuri, ambayo yana umbo la samaki.

Nikatafsiri. Mama akafikiri kwa uzito wote wa mtu wa ziwani.

"Samaki gani?"

Selvi hakujua. Alituomba radhi. Tulipotoka akamuuliza yule muuza maua, muuza maua akamuuliza mzee mmoja, na mzee akanyoosha mikono juu.

"Kama ni ngege, nakubali," Mama akasema. "Mbuta hapana. Mbuta ana macho ya kukodoa."

Siku ya kuondoka Selvi alitufungia pakiti ya unga wa mchele. Wakashikana mikono pale kizingitini muda mrefu, kila mmoja akisema kwa lugha yake. Hawakunihitaji, nikaenda kutafuta teksi.

Kurudi Pap Onditi

Safari ya kurudi haina hadithi. Mama alikaa dirishani na alikataa kufunga kipazia hata wakati watu walipotaka kulala. Nilimfikisha kwake, nikarudi Kibuye kwenye mapazia yangu. Miezi ikapita, daktari akamruhusu kuinama. Kijijini walidhani bado anaona vivuli tu, naye hakuwasahihisha.

Halafu, asubuhi moja, binamu yangu Odhis akanipigia simu akihema.

"Achieng', kuja mbio! Mama amewekewa kitu kwa mlango. Watu wote wako hapa na hakuna mtu anaingia."

"Kitu gani?"

"Unga. Mweupe. Imechorwa hata, kama samaki. Mzee wa kanisa amekuja na Biblia lakini pia yeye amesimama kwa gate."

Nilifunga duka nikiwa nacheka peke yangu. Nilipofika, umati ulikuwa ungali kwenye ua, unaomba kwa sauti, na Odhis amempangia kila mtu pa kusimama. Mbele ya mlango wa Mama, juu ya udongo uliopakwa kinyesi kibichi, kulikuwa na samaki mkubwa wa unga, mistari imekutana vizuri, na kuku watatu walikuwa wakimla mkia. Nilijua bila kuuliza kwamba ni ngege.

Mama alikuwa dirishani. Kumbe alikuwa hapo muda wote, anawatazama tu.

"Mzee Okello," akaita, "kofia hiyo mpya imekukaa. Odhis, funga kifungo cha shati. Min Otis, umekonda, unaumwa?"

Watu wakatazamana. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemsalimu, na kofia na vifungo havina sauti. Nyar Alego alikuwa nyuma kabisa, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea kwake, akijifunika vizuri mabegani.

"Nyar Alego!" Mama akaita. "Unaenda wapi na leso yangu?"

Ilikuwa ile ya maua ya machungwa. Nyar Alego alisimama, akaanza kuifungua mbele ya watu wote. Mama akatoka, akamkanyaga samaki wake bila wasiwasi, akavuka ua mzima bila kushikwa mkono na mtu. Akaichukua leso, akaifunga tena mabegani mwa yule mwanamke, akalikaza fundo.

"Kaa nayo," akamwambia. "Nilitaka tu ujue kwamba naiona."